Kabati Tulilolinunua kwa Siku Nane

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi alasiri, siku ya Jumapili, nilipomkuta madam amepiga magoti chini ya meza ya kulia, ameshika kijiti cha meno, anachokoa ufa kati ya mbao mbili. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama kwenye jiko la umeme, nikashangaa kuona jiko zima limevuliwa vitufe vyake. Vilikuwa vimelowekwa kwenye bakuli la maji ya sabuni. Nilidhani madam amepotewa na kipuli, nikainama nimsaidie kutafuta.

"Umepoteza nini, madam?"

"Mimi sijapoteza kitu. Mimi natafuta mkate."

Nikatazama. Kwenye karatasi nyeupe kando ya goti lake palikuwa na chembe tatu za mkate, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta. Alikuwa amezipanga mstari.

Mwezi uliopita Tamar, binti wa madam, aliniandikia kutoka mbali kunijulisha kwamba mama yake amefariki. Hatukuwa tumewasiliana kwa miaka mingi. Katika barua hiyo aliniuliza kama nakumbuka mambo ya lile kabati, kwa kuwa yeye wakati ule hakuwa akisikiliza. Nakumbuka. Nilikuwa darasa la tano, na nyuma ya daftari langu la hesabu niliweka orodha ya maswali ambayo wakubwa hawakuyajibu vizuri. Ukurasa mzima wa orodha ile ulihusu nyumba ya madam.

Mama alikuwa akipika na kufua kwa madam siku tano kwa wiki, kwenye ghorofa moja Oud Metha, Dubai, juu ya zahanati ya meno. Baba alikuwa karani wa mizigo bandari ya Al Hamriya, na kampuni yake ilipompa viza ya familia ndipo mimi na Mama tulipotoka Unguja kumfuata. Tulikaa chumba kimoja upande wa Deira. Wiki zile shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Mama alinichukua kazini. Masharti yalikuwa mawili: nisiguse kitu cha watu, na nisimsimulie mtu yeyote ninayoyaona mle ndani.

"Madam ni Myahudi," Mama alinieleza kwenye basi. "Ni watu wa kitabu. Na mambo ya nyumba ya mtu hayatoki nje ya mlango. Umenisikia?"

Nilimsikia. Swali la kwanza kwenye orodha yangu likawa: kitabu gani?

Madam alizaliwa Nairobi, kwa wazazi waliotoka Aden. Kiswahili chake alikiokota utotoni, jikoni kwao, kwa mpishi na yaya, na kilikuwa hakijali ngeli hata kidogo. Mama alipenda kumtania. "Madam, Kiswahili chako kinatembea pekupeku." Naye akijibu, "Lakini inafika." Mumewe, ambaye sote tulimwita sir, alikuwa mhandisi, mtu mpole asiyejua sufuria gani ni ya nyama na ipi ni ya maziwa. Kila jambo la dini lililotokea mle ndani alimwuliza mkewe. Hilo nililiandika pia, kwa sababu kwetu wa kuulizwa mambo ya dini alikuwa Baba.

Jumapili ile, chembe zilipofika saba, madam aliinuka, akanawa mikono, akamwita Mama aliyekuwa akifunika rafu za jikoni kwa foili.

"Zuhura, kuja. Kaa."

Mama hakuwa na mazoea ya kukaa kwenye viti vile. Akakaa ukingoni.

"Mimi nataka kuuzia wewe hii kabati," madam alisema, akionyesha kabati refu la mbao kwenye korido.

"Kabati hilo? Nitalibeba na nani?"

"Kabati inabaki. Nauza vitu ya ndani. Mahali yenyewe nakukodishia siku nane, na ufunguo inakaa na wewe."

Mama alinitazama, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayesubiri utani ufike mwisho. Madam hakuwa akitania. Alieleza polepole, akihesabu kwa vidole. Kesho jioni inaingia Pasaka yao. Siku nane hawali mkate, wala tambi, wala biskuti, wala chochote cha ngano au shayiri kilichopata maji kikaumuka. Na si kula tu. Hawaruhusiwi kuwa nacho. Hata kikiwa kimefichwa, hata kikiwa kimefungiwa, maadamu ni mali yao wamekosea, na kitu hicho hakitumiki tena maisha.

"Si utupe, basi?" Mama akauliza.

Madam alifungua kabati. Mlikuwa na mifuko miwili ya unga wa ngano, tambi, makaroni, pakiti za biskuti, boksi la nafaka alizokula Tamar asubuhi, na shayiri. Kwenye rafu ya juu kabisa palikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa kitambaa na kufungwa mpira. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya majivu, kizito, chenye mapovu. Nilikuwa nimewahi kuiona. Kila Alhamisi madam aliishusha, akachota chachu ile kwa kijiko cha mti, akakanda mikate miwili ya Ijumaa jioni, kisha akairudishia chupa unga na maji ili iliyobaki ishibe.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Ilikuwa kwake Aden, ikakuja na yeye Nairobi. Siku nimeolewa alinipatia nusu. Hii siwezi kutupa. Na siwezi kuweka. Basi nauza."

Mama yake alikuwa amefariki miezi minne kabla. Kila mwaka, siku kama ile, madam alizoea kumpigia simu na kumwuliza hatua kwa hatua: nianze na nini, niandike nini, nimpe nani. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza bila simu, na katika mji ule hakumjua mtu mwingine wa kumwuliza. Alichokuwa nacho ni daftari la mama yake, lenye madoa ya mafuta, limeandikwa Kiarabu kwa herufi za Kiyahudi. Mwenyewe alisema anaweza kusoma nusu yake tu.

Tamar, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na hakusema Kiswahili, alipita koridoni akatuona tumekusanyika. Akasema kwa Kiingereza kwamba duka la chini linauza hamira ya paketi kwa dirhamu mbili, na kwamba ile chupa inanuka soksi. Kisha akaenda zake chumbani. Madam aliufunga tena ule mpira, ingawa ulikuwa umefungika.

"Na mie nikishanunua," Mama akasema, "siku ya tisa nikakataa kurudisha?"

"Ni yako. Siwezi kukulazimisha."

"Ala! Na unaniuzia hivyohivyo?"

"Lazima iwe hivyo. Kama si kweli, basi sijauza, nimeficha tu, na hiyo chupa lazima nimwage. Kule Aden mama yangu alikuwa anauzia jirani, mama Muislamu, mlango kwa mlango. Mimi hapa jirani yangu ni nani? Ni wewe."

Mama alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale uongo mdogo ungemrahisishia mambo. Ndivyo alivyolelewa, dukani kwa babu yangu, ambako mizani ilifutwa kila asubuhi kabla ya kupimwa chochote. "Sitii mkono wangu kwenye karatasi ya mchezo," alisema mwishowe. "Kama mauzo, yawe mauzo. Nipe hiyo karatasi nikamwonyeshe baba yake mtoto."

Usiku ule Baba aliisoma hati mara mbili chini ya taa. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa madam. Orodha ya vitu, bei ya kila kimoja, jumla dirhamu themanini na sita. Mnunuzi anatoa amana ya dirhamu kumi leo. Sabini na sita zilizobaki atazilipa siku ya tisa, au atawauzia tena wenyewe akipenda.

"Hii ni hati safi kuliko nyingi zinazopita mezani kwangu," Baba akasema. "Ukitia saini, Zuhura, makaroni ni yako. Ukitaka, yauze Sharjah."

"Wee usinicheke."

"Sikucheki. Nakwambia ni yako."

Maneno hayo ya Baba niliyachukua kama yalivyo.

Jumatatu asubuhi walitia saini kwenye meza iliyochokolewa. Kabla ya saini walibishana bei kwanza, kwa kuwa madam alikuwa ameiandikia chachu dirhamu moja.

"Kitu cha mama yako unakiwekea dirhamu moja?"

"Bei ni ya soko. Kwa soko hakuna mtu anaitaka."

"Basi kwa kuwa hakuna anayeitaka, mie ndo soko." Mama alitaka iandikwe kumi, na alilipunguzia boksi la nafaka la Tamar tisa, ambalo alisema limebaki vumbi tupu, ili jumla isibadilike. Chupa ya kinywaji ya sir, ambayo nayo ilitokana na shayiri, Mama alikataa hata kuisikia bei yake. Sir aliifunga kwenye gazeti akampelekea mwenzake wa ofisini, Mkristo wa Goa, na kwa jinsi alivyorudi na huzuni ilikuwa wazi kwamba hatarajii kuinunua tena.

Mama akatoa noti ya dirhamu kumi, madam akamkabidhi ufunguo. Kisha Mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikwenda kwenye kabati, akalifungua, akatazama rafu moja baada ya nyingine, akalifunga.

"Nimeona mali yangu," akasema, akautia ufunguo kwenye mkoba.

"Asante, Bi Zuhura," madam akajibu. Hakuwa amewahi kumwita Bi.

Sasa lazima nieleze nilivyoelewa mimi, maana kosa lilianzia hapo. Mtoto wa Dubai wakati ule alijua dalili moja ya msiba kuliko zote: watu kuanza kuuza vitu vya ndani. Mtu akifukuzwa kazi, viza inafutwa, na ana siku chache tu za kuondoka. Kwenye ubao wa matangazo wa duka la chini kila wiki palikuwa na karatasi mpya: kitanda, friji, baiskeli ya mtoto, bei maelewano. Nami nilikuwa nimemwona madam akitafuta chembe za mkate chini ya meza. Nikamwona akimwuzia mpishi wake makaroni. Siku zilizofuata nikawaona wakila viazi, na mikate mikavu mipana isiyoumuka, iliyofanana na kadibodi, ambayo Tamar aliivunja vipande akavisukuma pembeni ya sahani.

Chapati yangu ya mchana sikuruhusiwa hata kupanda nayo juu. Niliila chini, kwenye ngazi, pamoja na Wilson, mlinzi wa jengo, mtu wa Uganda.

"Kumbe mumefukuzwa na mukate wenu?" akauliza.

Nilikumbuka masharti ya Mama, lakini nilikuwa na wasiwasi mkubwa, na nikadhani kuuliza si kusimulia. "Kaka Wilson, mtu akianza kuuza vitu vyake maana yake nini?"

"Eh! Maana yake viza imekwisha. Hapa ni hivo. Leo sofa, kesho airport. Khalas."

Nikapanda juu nimemaliza hesabu. Sir amefukuzwa, hawataki kusema, na Mama amenunua vitu vyao kwa huruma. Nilimhurumia zaidi Tamar, licha ya maringo yake. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kupenda mambo yawe na mpango, nilipanga.

Alhamisi, Mama alipokuwa akipiga pasi chumba cha ndani, nilimwuliza kutoka mlangoni, "Mama, vya kwenye kabati kweli ni vyetu?"

"Vyetu, mpaka siku ya tisa."

"Na chako si changu?"

"Niache nifanye kazi, mwanangu."

Hilo nililihesabu kuwa jibu. Nikachukua ufunguo mkobani, nikafungua kabati, nikatia kwenye begi langu ile chupa na unga wa nusu kilo niliopima kwa kikombe. Nikafunga, nikarudisha ufunguo mahali pake. Sikuiba. Nasisitiza hapo kwa sababu mwenyewe wakati ule nililifikiria suala hilo kwa makini na kuridhika kabisa.

Ijumaa Mama hakuwa na kazi, kwa desturi ya mji. Jumamosi pia hakuwa nayo, kwa amri ya madam. Ijumaa hiyo baada ya swala yeye na Baba walikwenda Satwa kumtazama mgonjwa, wakaniacha kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilipika mkate wa ufuta. Mama alikuwa amenifundisha: unga, tui la nazi, chumvi, hamira, unapiga kwa mkono mpaka unga unavutika, unaacha uumuke. Mahali pa hamira nilitia chachu ya madam. Sikujua kipimo, nikamimina yote. Ile iliyonasa ubavuni mwa chupa niliisuuza kwa maji, na maji yale pia nikayatia. Kisha nikaiosha chupa kwa sabuni na brashi mpaka ikang'aa, nikaipindua ikauke.

Mkate uliumuka vizuri kuliko siku zote. Nilichoma mitatu kwenye chuma, nikakipindua chuma ili uso wa mkate uelekee moto, ufuta ukabadilika rangi sawasawa. Harufu yake ilikuwa ya mkate wetu, lakini nyuma yake palikuwa na uchachu kidogo, kama wa tufaha lililoanza kulainika. Miwili ilikuwa ya madam na Tamar. Mmoja ulikuwa wetu.

Baba ndiye aliyetangulia kuingia. Alimega, akatafuna, akasema, "Huu mkate, mashaallah, leo umemshinda mama yako." Mama alimega kidogo, akanusa.

"Hamira gani hii?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha, na mpango wote, na Tamar na kadibodi zake, na sir aliyefukuzwa. Nikaona uso wa Mama ukibadilika, nikadhani ameguswa na wema wangu. Macho yake yalikwenda kwenye chupa iliyopinduliwa. Baba aliacha kutafuna.

"Umebakisha kiasi gani?"

"Hakikubaki kitu. Nimeiosha."

Mama aliketi chini. Hakunipiga wala hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kipigo. Alinieleza mambo mawili, kwa utaratibu. Kwanza, sir yuko kazini kwake salama; wale hawakuwa na njaa, walikuwa na sikukuu, na mkate niliowapikia ndicho kitu kimoja duniani ambacho wiki hiyo hakitakiwi kuvuka mlango wao. Pili, chachu haitumiki yote. Ukiitumia yote umemaliza ya leo na ya kesho. Ile ya mama wa madam ilikuwa imebakishwa kila wiki tangu Aden, na aliyeacha kubakisha ni mimi.

"Bakuli ulilokandia liko wapi?" akauliza ghafla.

Lilikuwa kwenye sinki, nimelitia maji lakini si mpaka juu. Ukingoni pamebaki ute wa unga uliokwisha kukauka. Mama alichukua kisu kidogo akaukwangua. Akaenda kwenye mwiko, akakwangua shingo yake. Akanishika mikono akatazama kucha zangu. Nazo zilikuwa na unga. Akachokoa kila ukucha kwa kijiti cha meno. Jumla yake, vyote pamoja, ilitosha kufunika sarafu ya fulusi hamsini, yaani nusu dirhamu.

"Imetiwa chumvi na tui," akasema, kama anayejisemea. "Sijui."

Aliiweka ndani ya ile chupa pamoja na vijiko viwili vya unga wa kabati uliosalia na maji ya uvuguvugu, akaifunika kitambaa.

Jumamosi chupa ilikaa kimya. Palikuwa na unga na maji tu, vimejitenga. Jumapili hali ikawa hiyohiyo, na juu yake pakawa na maji ya kijivu. Mama alimwaga nusu, akaongeza unga. Kazini tulikwenda kama kawaida. Madam alipita mbele ya kabati mara nyingi siku ile, akielekea kufua au kuchukua simu, na kila mara aligeuza uso upande wa pili. Hakuuliza. Mama naye hakusema.

"Kwa nini tusimwambie?" nilimwuliza kwenye basi.

"Ametwambia wiki hii si yake. Nikimwambia leo, nitakuwa nimemrudishia mikononi kabla ya wakati. Nitamwambia siku ya kuuza. Wala sitauza kabla sijamwambia."

"Na ikifa?"

"Nitamwambia imekufa."

Jumatatu alfajiri niliamka kabla yao nikaitazama. Kwenye kioo, chini kabisa, palikuwa na povu moja. Nililitazama kwa muda mrefu nikihofia ni la maji tu. Likapanda, likapasuka, na mahali pake likatokea jingine. Mpaka Jumanne jioni chupa ilikuwa imejaa mapovu na imepanda vidole viwili. Lakini Mama hakuonekana kufurahi. "Kwamba inaumuka naona," alisema. "Kwamba ndiyo ileile, nani anajua? Unga wowote ukiachwa utachacha."

Jumatano, siku ya tisa, tulifika saa mbili asubuhi. Mama aliweka mezani ufunguo, hati, na chupa. Madam alipoiona chupa nje ya kabati, mkono ulimwendea kifuani.

"Kabla hujainunua," Mama akasema, "ujue unanunua nini." Akamsimulia yote, mpaka kucha zangu. Hakunificha nyuma yake, wala hakunisingizia. Alimalizia, "Ikiwa ndiyo, ndiyo. Ikiwa siyo, sina namna ya kukulipa, Mama Tamar."

Nililisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Nadhani madam pia.

Madam alifungua kitambaa, akanusa. Akanusa tena. "Mimi sijui," akasema. "Siku hizi nanusa mama yangu kwa kila kitu." Akaita kwa nguvu, "Tamar!"

Tamar alikuja na nywele zisizochanwa. Mama yake akampa chupa bila kumweleza lolote. Tamar aliinusa, akakunja pua, akasema kwa Kiingereza neno moja.

Soksi.

Madam alianza kucheka, akaketi, akaendelea kucheka huku akijifuta macho kwa kitambaa cha chupa. Tamar alituangalia sote kama watu walioharibikiwa akili. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nikingoja zamu yangu ya kulaumiwa.

"Wewe mdogo, kuja hapa," madam akaniambia. Nikaenda. "Ulipochukua hii, ulijua ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Si yangu?"

"Ulikwisha kuuza, madam."

Akamgeukia Mama. "Umesikia? Siku nane mimi silali. Najiuliza, nimeuza ama nimeficha? Kwa sababu kila nikipita hapa roho inasema ile ni yangu, ile ni yangu. Mama yangu hayuko, nani ataniambia? Sasa huyu amechukua kitu ya mama yake, amepika, amekula. Katika hii nyumba yeye peke yake aliamini. Basi niliuza."

Nimesoma mengi tangu wakati huo, bila mwalimu, kwa kuazima na kununua vitabu vilivyotumika, na nimejua kwamba mauzo hayo kwa kawaida huandikwa na viongozi wao wa dini, kwa hati ndefu kuliko ile. Sijakutana na maelezo yoyote yanayofafanua zaidi ya yale aliyoyasema madam asubuhi ile, akitumia Kiswahili cha jikoni, huku nusu ya daftari la mama yake hakuweza kuisoma.

Kisha waliuziana tena, na walibishana tena. Madam alitaka kurudisha amana ya kumi na faida ya tano, kwa kuwa daftari lilisema mnunuzi asiondoke mikono mitupu. Mama alikubali faida, lakini akasema unga wa nusu kilo aliouchukua mtoto haupo, hawezi kuuza kisichokuwepo, na akakata dirhamu moja na nusu. Vilevile aliomba abakishe kijiko kimoja cha chachu. Madam alimchotea vijiko viwili mwenyewe.

Mama alilinunua kabati lile mara tatu zaidi kabla hatujarudi Unguja. Kijiko chake aliendelea kukilisha kila wiki, na alipozeeka nikaendelea mimi. Kiko jikoni kwangu, ndani ya chupa ya jamu.

Tamar aliandika mwishoni mwa barua yake kwamba chachu ya mama yake ilikufa wakati wa ugonjwa. Hakuna aliyekumbuka kuilisha. Sasa ana binti wa miaka tisa anayeuliza bibi alitia nini kwenye mkate. Je, Mama aliwahi kubakisha? Na kama ipo, bei yake ni kiasi gani, maana ameajiri mtu amsomee lote lile daftari la bibi yake, na humo imeandikwa kwamba kitu hicho hakitolewi bure.

Niliipaka chachu kwenye karatasi ya kuokea, nyembamba, ikakauka kwa siku mbili. Nikaivunja vipande nikavitia kwenye bahasha. Kuhusu bei nilifungua mkebe wa uzi wa Mama, ambamo aliweka nakala ya ile hati, na ndani ya mkunjo wake faida aliyoipata, ambayo hakuwahi kuitumia. Niliihesabu mara mbili, nikamwandikia Tamar kiasi hicho hicho: dirhamu tatu na nusu.